KARTI YA MAJIVU: NAMNA YA KUPIGA PICHA NA NYUSO ZIONEKANE

Wandugu wapendwa, wanafunzi wa madarasa yote,

Katika gazeti letu la mara hii tunataka kuwapa somo moja la picha. Wengine watasema: picha ni kazi ya kufinya kidude tu, inahitaji somo gani? Sisi pia tulisema vile mwaka jana, na tukapata haya.

Munakumbuka picha ya shule nzima tuliyoipiga mwaka jana mbele ya kanisa. Ukuta wa kanisa umepakwa chokaa, sisi wote tulivaa shimizi nyeupe, jua lilikuwa kali, na aparei ya shule tuliiacha kwa otomatiki. Kwa upande wa nguo picha ilitoka safi: unaweza kuhesabu vifungo. Lakini nyuso hazikuwako. Pahali pa uso kulikuwa alama nyeusi kama makaa, bila macho, bila pua. Paka meno ya wale waliocheka njo yalionekana. Tulichekeana sana, tukabandika picha ile kwa ukuta wa ofisi, tukaisahau.

Kisha, mwezi wa tatu wa mwaka huu, mwenzetu mmoja wa kwaya alishikwa na malaria, akafariki katika siku nne. Hatutaandika jina lake, munamjua wote. Mama yake alikuja shuleni kuuliza kama tuko na picha yake, sababu nyumbani hakukuwa hata moja. Tulitafuta ndani ya aparei, tukatafuta kwa telefone za walimu, tukapata paka ile ya mbele ya kanisa. Tulimwonyesha: mstari wa pili, wa nne toka kushoto. Aliiangalia muda mrefu, akasema: "Naona shimizi yenye nilimufulia. Sura yake iko wapi?"

Mwalimu wetu wa fizika alijaribu kuangaza picha ile kwa ordinatere. Uso ulitoka na rangi ya udongo na madoa mengi, haukuwa uso wa mtu tunayemjua. Kitu ambacho aparei haikukiandika, ordinatere haiwezi kukirudisha. Njo siku ile mwalimu alituita sisi makapita, akatoa katika kabati yake karti moja ya rangi ya majivu, akatufundisha haya tunayowaandikia sasa.

1. APAREI HAIJUI INATAZAMA NINI

Ndani ya kila aparei kuko kipimo cha mwanga. Kipimo kile kinapima mwanga unaotoka kwa kitu na kurudi kwa jicho la aparei. Kazi yake ni kusema: fungua kidogo, au fungua sana.

Lakini kipimo hakijui kitu chenyewe ni nini. Shimizi nyeupe iliyo kivulini na koti jeusi lililo juani vinaweza kurudisha mwanga uleule. Kipimo kitafanya namna gani kuvitofautisha? Hakiwezi. Kwa hiyo watengenezaji walikipa kanuni moja tu: kila kitu unachokitazama, ukihesabu kuwa ni cha katikati, si cheupe si cheusi, na ukifanye kitoke hivyo katika picha.

Mutazame matokeo ya kanuni ile. Ukielekeza aparei kwa ukuta mweupe, kipimo kinasema: mwanga ni mwingi mno, tufunge. Ukuta unatoka wa rangi ya majivu, na kila kitu kilicho mbele ya ukuta kinaingia gizani. Ukielekeza kwa ubao mweusi wa darasa, kipimo kinasema: mwanga ni kidogo, tufungue. Ubao nao unatoka wa rangi ya majivu, na chaki inawaka mno.

Tulifanya jaribio hili, na ninyi munaweza kulifanya. Piga picha tatu kwa otomatiki, kila kitu kijaze picha nzima: karatasi nyeupe, kisha ubao, kisha kitako cha sufuria chenye masizi. Mutaona picha tatu zinazofanana kama ndugu. Zote ni majivu. Aparei haikuona tofauti ya karatasi na masizi.

Sasa turudie picha yetu ya kanisa. Aparei iliona nini? Chokaa, shimizi, chokaa, shimizi. Nyuso zilikuwa vitu vidogo katikati ya weupe mwingi. Ikafunga mwanga kusudi weupe uwe majivu. Nyuso ndizo zililipa deni lile.

2. KARTI YA MAJIVU NI KITU GANI

Ikiwa kipimo kinataka kitu cha katikati, basi tukipatie kitu ambacho ni cha katikati kwa kweli. Njo kazi ya karti. Ni kipande cha karatasi ngumu au cha plastiki, cha ukubwa wa daftari au pungufu, kilichopakwa rangi ya majivu isiyong'aa. Kinarudisha 18 kwa mia ya mwanga unaokiangukia. Kampuni ya Kodak iliuza karti kama hizi kwa miaka mingi: upande mmoja wa majivu, 18 kwa mia, na upande wa pili mweupe, 90 kwa mia.

Wengi wanauliza: juu ya nini 18, na si 50? Katikati ya sifuri na mia si 50? Hapa musome polepole. Jicho la mtu halihesabu kwa kuongeza, linahesabu kwa kuzidisha. Karatasi nyeupe sana inarudisha karibu 90 kwa mia. Karatasi nyeusi inarudisha karibu 3 au 4 kwa mia. Sasa gawanya 90 kwa 5, unapata 18. Gawanya 18 kwa 5, unapata 3.6. Basi kutoka weupe mpaka majivu ni mara tano, na kutoka majivu mpaka weusi ni mara tano tena. Njo maana jicho linaona 18 kuwa katikati. Wale wa hesabu watatambua kwamba 18 mara 18 ni sawa na 90 mara 3.6.

Wapiga picha wawili wa Marekani, Ansel Adams na Fred Archer, karibu mwaka wa 1940 walipanga mafundisho yote ya jambo hili kule Los Angeles. Waligawanya rangi toka nyeusi kabisa mpaka nyeupe kabisa katika kanda, wakazipa namba kwa tarakimu za Kiroma. Kanda ya V, ile ya katikati, ni majivu ya 18 kwa mia. Adams alipiga picha za milima na mito kwa filme, lakini kanuni ni ileile kwa aparei za numeriki za leo na kwa nyuso zetu.

Nguvu ya karti ni hii: karti haibadiliki. Shimizi inabadilika, ukuta unabadilika, ngozi za watu zinatofautiana. Ukipima vitu, kila kitu kinakwambia neno lake. Ukipima karti, unapima mwanga wenyewe unaowaangukia watu wote, mweupe wa nguo na mweusi wa uso. Ukiweka aparei kwa kipimo cha mwanga, kila kitu kinajipanga pahali pake: shimizi inatoka nyeupe, suruali ya bulu inatoka bulu, na uso unatoka na rangi yake.

3. HESABU KIDOGO

Wapiga picha wanahesabu mwanga kwa hatua. Hatua moja ni kuzidisha mwanga mara mbili, au kuugawanya nusu. Kuna njia mbili kubwa za kupanda na kushuka.

Ya kwanza ni muda: 1/60 ya segonde, 1/125, 1/250, 1/500, 1/1000. Kila mara unaposogea, mwanga unakuwa karibu nusu ya ule wa mbele.

Ya pili ni tundu la jicho la aparei, linaloitwa diafragma: 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16. Hapa wengi wanakosea. Namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Toka 5.6 mpaka 8 unapoteza nusu ya mwanga.

Kisha kuko ISO, ambayo ni wepesi wa aparei kusikia mwanga. Siku ya kupima uichague moja na uiache.

Tulipima chini ya mti wa maembe saa nne za asubuhi, penye kivuli kizuri. ISO ilikuwa 200 na tundu 5.6. Tulisogeza aparei karibu na kila kitu mpaka kikajaza picha, kisha tukaandika muda ambao kipimo kiliomba:

Karatasi nyeupe: 1/1000
Karti ya majivu: 1/200
Uso wa mmoja wetu: 1/100
Suruali ya bulu ya uniforme: 1/50

Mwanga ulikuwa mmoja, pahali palikuwa pamoja, na majibu yalikuwa mane. Je, ni lipi la kweli? Ni lile la karti, 1/200. Mengine ni maoni ya nguo na ya ngozi.

Sasa mutaelewa kosa letu la mwaka jana kwa hesabu. Uso ule ulirudisha nusu ya mwanga wa karti, yaani karibu 9 kwa mia. Tukifuata jibu la karatasi, 1/1000, tunapunguza mwanga mara tano. Uso wa 9 kwa mia unaandikwa sawa na kitu kinachorudisha chini ya 2 kwa mia. Hata karatasi nyeusi inarudisha zaidi ya vile! Hakuna mtu aliyekuwa mweusi hivyo mbele ya kanisa. Ni sisi tuliofunga mwanga.

4. NAMNA YA KUITUMIA

Mufuate mambo haya moja kwa moja.

Kwanza, weka aparei kwa M, maana yake wewe mwenyewe unachagua. Ikibaki kwa otomatiki, itapima tena wakati wa kupiga, na kazi yako yote itapotea.

Pili, mtu mmoja ashike karti pale pale watu watakaposimama, mbele ya uso wake. Si pale unaposimama wewe na aparei.

Tatu, karti isielekezwe juu mbinguni wala chini kwa udongo. Ielekee katikati ya njia ya aparei na njia ya jua. Ukiona inang'aa, igeuze kidogo mpaka mng'aro utoke. Vidole na kivuli chako visiifunike.

Nne, sogea karibu mpaka karti ijaze picha, au tumia kipimo cha nukta kama aparei iko nacho. Hata kama karti haionekani vizuri kwa kuwa karibu mno, si neno. Tunapima mwanga, hatusomi.

Tano, badilisha muda au tundu mpaka mshale au alama ya kipimo isimame katikati, kwa sifuri. Andika namba zile.

Sita, rudi pahali pako, piga picha kwa namba zilezile. Kipimo kitaanza kukulalamikia, kitakuambia mwanga ni mwingi kwa sababu kinaona shimizi. Usikisikilize.

Saba, tazama picha ya kwanza, uikuze kwa uso. Vipimo vya aparei nyingi havikupangwa sawasawa kwa 18, ila kwa namba ya chini kidogo, karibu 12 au 13. Kwa hiyo mara mingi picha inatoka na giza kidogo. Ongeza theluthi moja au nusu ya hatua. Kwa mfano wetu, 1/200 inakuwa 1/160. Aparei ya filme haionyeshi picha palepale, basi mwenye filme apige tatu: moja kwa namba ya karti, moja zaidi ya hapo, na moja pungufu.

Wingu likifunika jua, pima tena. Jua likitoka, pima tena. Karti haina faida kama inabaki mfukoni.

5. UKIKOSA KARTI

Karti ya mwalimu ni moja na shule ni kubwa. Lakini Mungu ametupa vyombo vingine.

Kiganja cha mkono. Tazameni viganja vyenu. Hata mwenye ngozi nyeusi sana, kiganja chake ni cheupe kidogo, na viganja vya watu havitofautiani sana kama nyuso zao. Kiganja kinarudisha karibu mara mbili ya karti, ni hatua moja. Basi peleka kiganja chako pale watu wanaposimama, kielekee kama ulivyoelekeza karti, pima, kisha fungua hatua moja. Chini ya mti ule, kiganja kiliomba 1/400. Hatua moja ya kufungua, ni 1/200. Ni jibu lilelile la karti! Lakini linganisha kiganja chako na karti mara moja, ujue tofauti yako, kwa maana aliyetoka kulima au kutengeneza moto hana kiganja cha aliyetoka kuoga.

Karatasi. Karatasi nyeupe sana inarudisha mara tano ya karti. Pima karatasi, kisha zidisha muda mara tano: 1/1000 inakuwa 1/200. Mgongo wa karatasi hii munayoisoma, ule usioandikwa, unaweza kufanya kazi hiyo. Lakini karatasi yetu ya stensili si nyeupe kabisa, kwa hiyo zidisha mara nne tu, ni hatua mbili.

Telefone. Telefone za siku hizi, nyingine zinatafuta nyuso zenyewe, lakini mbele ya ukuta mweupe zinadanganyika pia. Finya kidole juu ya uso wa mtu katika kioo, usiuachie mpaka alama ya kufunga ionekane, kisha pandisha au shusha mwanga kwa kidole mpaka uso uwe kama unavyouona kwa macho. Telefone nyingi zinakubali hivyo. Na aparei ndogo isiyo na M, mara mingi iko na alama ya kuongeza na kupunguza. Mbele ya shimizi nyingi weka +1, tazama, kisha +2 kama bado.

6. MAKOSA TULIYOYAFANYA TUKIJIFUNZA

Kosa la kwanza: mmoja wetu alisimama chini ya barza, akapima karti mkononi mwake, kisha akapiga watu walio juani. Picha ilitoka nyeupe kama maziwa. Toka jua kali mpaka kivuli cha wazi kuko karibu hatua tatu, ni mara nane. Karti lazima ioge mwanga uleule wa watu.

Kosa la pili: tulipanga kundi nusu juani na nusu kivulini kwa sababu wadogo walikuwa wanaungua. Karti haiwezi kuponya jambo hilo. Ukipima kwa ajili ya jua, wa kivulini wanakuwa giza. Ukipima kwa ajili ya kivuli, wa juani wanapotea kwa weupe. Watu wote wakae pahali pa mwanga mmoja.

Kosa la tatu: saa sita. Kwetu, karibu na mstari wa ekwateri, jua la saa sita linasimama juu ya kichwa, paji la uso linaangaza na macho yanakuwa mashimo mawili. Mwanga unaweza kuwa sawa kwa kipimo na bado macho hayaonekani. Asubuhi, jioni, au kivuli cha wazi njo saa na pahali pa nyuso.

Kosa la nne: rangi. Ndani ya kanisa usiku, chini ya taa, shimizi zilitoka za manjano. Karti inasaidia hapa pia, kwa sababu majivu yake hayana rangi nyingine ndani. Aparei nyingi ziko na pahali pa kuionyesha karti na kuiambia: hii ni majivu, sahihisha rangi zote kwa kufuata hii.

7. NGOZI YETU SI KOSA

Tuliposikia habari ya nyuso kutoka nyeusi, wenzetu wengine walisema: "Ni sababu ya weusi wetu. Wazungu wanatoka vizuri." Tunataka kujibu neno hili, kwa sababu lina uongo na lina ukweli.

Uongo ni kusema ngozi nyeusi haishiki picha. Jean Depara, aliyezaliwa Angola mwaka wa 1928 na kufariki mwaka wa 1997, alipiga picha nyingi za watu wa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Alizipiga hata usiku katika mabaa na dansi, na nyuso za wale vijana zinaonekana na furaha yao yote. Mtu mwenye kujua mwanga anaweza.

Ukweli ni kwamba wengine waliotengeneza vyombo hawakutufikiria. Tangu miaka ya 1950 Kodak ilipeleka kwa nyumba za kusafisha picha karti yenye picha ya mwanamke mzungu. Karti zile zilijulikana kwa jina la Shirley. Mfanyakazi alisahihisha mashini mpaka ngozi ya mwanamke yule itoke vizuri, na akasema: sasa kipimo ni sawa. Ngozi za watu wengine zilitoka jinsi zilivyoweza. Ni katika miaka ya 1990 tu Kodak ilitoa karti yenye wanawake wa rangi mbalimbali.

Sasa mutazame tofauti ya karti hizi mbili. Ile ya Shirley ilichukua uso wa mtu mmoja ikaufanya kipimo cha wote. Karti ya majivu si uso wa mtu yeyote. Haipendelei mweupe wala mweusi, inasema tu mwanga ni kiasi gani. Njo maana tunaipenda. Kipimo cha haki ni kile ambacho hakimjui mtu.

Na somo lingine la maisha liko hapa, hasa kwetu sisi wakubwa wa shule. Mara mingi tunampima mwenzetu kwa kutazama kile kinachong'aa zaidi kando yake: nguo, karo iliyolipwa, Kifaransa cha haraka. Yule aliye katikati ya weupe mwingi anageuka giza, na tunasema ni yeye aliye giza. Kumbe ni kipimo chetu.

8. MASWALI YA KUJARIBU

a) Unapima karatasi nyeupe sana, ya 90 kwa mia. Kipimo kinaomba 1/500. Utaweka muda gani?

b) Kiganja chako kinaomba 1/250 na tundu 8. Utaweka nini?

c) Unapiga mbuzi mweusi kwa otomatiki, na anajaza picha nzima. Atatoka wa rangi gani, na utafungua au utafunga?

d) Darasa limesimama mbele ya kanisa, mwanga ni mmoja. Karti inaomba 1/400, shimizi zinaomba 1/2000. Utafuata lipi, na shimizi zitatoka za rangi gani?

Majibu: (a) 1/100. (b) 1/125 na 8, au 1/250 na 5.6. (c) Wa majivu. Utafunga, kusudi weusi wake urudi. (d) Karti, 1/400. Shimizi zitatoka nyeupe, kwa maana ni nyeupe kweli.

MWISHO

Picha ya wafinalisti itapigwa Jumamosi ya mwisho kabla ya ekzetat, saa mbili na nusu ya asubuhi, chini ya mti wa maembe, si mbele ya kanisa. Kapita wa kila darasa atakuja kujifunza kupima Ijumaa baada ya sala. Wote wavae shimizi nyeupe kama kawaida, tusiogope weupe tena.

Baada ya picha ya kundi, tumeomba ruhusa kwa Bwana Prefe, naye amekubali, tupige kila mwanafunzi wa shule peke yake, toka darasa la chini mpaka la juu, uso tu, na karti ipimwe kwa kila kundi. Kazi itachukua siku nzima. Tutaziweka picha zile katika ofisi, na kila mzazi anayehitaji atapewa.

Mama wa mwenzetu hatuko na kitu cha kumpa. Tulimwambia hivyo, tukamwomba radhi, naye alichukua picha ile ya kanisa, akaikunja ndani ya kitenge chake, akaenda nayo. Basi, wandugu, siku ile musichelewe, na musikimbie mbele ya aparei kwa kusema sura yenu si nzuri. Musimame mutulie, sisi tutapima.

Bwana awalinde ninyi nyote.

Makapita wa shule, darasa la mwisho